Risasi ya kununua au ya kujaza nyumbani? (Sehemu ya 14)

Leo tunaacha kidogo habari za chanjo na uji wa lishe. Kuna dada wa huku kwetu, upande wa mto Ruvuma, amenitumia ujumbe. Mumewe ana bunduki ya leseni ya kulindia shamba, maana nguruwe pori wanaimaliza mihogo. Sasa ameona kwenye simu watu wanauza risasi mtandaoni, na tena ameona video za Wamarekani wanaojaza risasi wenyewe nyumbani. Dada anataka kujua kipi nafuu.

Tuanze na ya kununua. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Silaha ina leseni, na risasi zinanunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni. Anayekwambia utume hela kwenye simu kisha mzigo uje na basi, ni tapeli. Na kama si tapeli, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwenye kesi ni baba watoto. Huku mpakani, tangu Kitaya ishambuliwe Oktoba 2020, hakuna askari atakayechukulia mchezo risasi isiyo na karatasi.

Kujaza je? Wale wa kwenye video wanachukua ganda lililokwisha kupigwa, wanalisafisha, wanaweka fataki mpya, baruti ya kiwandani iliyopimwa kwa mizani, na kichwa kipya. Faida wanaiona kwa sababu wanapiga mamia kwa mamia kwenye viwanja vya shabaha. Mkulima anayefyatua mara chache kwa msimu hata hela ya vifaa haitarudi. Na kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Ila tusijifanye hatujui. Wenye magobore wanashindilia wenyewe tangu enzi za babu zetu, na baruti nyingine inatengenezwa uani kwa kukisia. Hapo ndipo naingia mimi nesi.

Baruti haihitaji kiberiti. Cheche ya jiko inatosha, msuguano unatosha. Mtu mzima anayeitengeneza anaweza kupoteza vidole au macho. Mtoto ndiye simhesabii hata bahati, kwa sababu uso wake uko karibu na kile anachochezea. Kopo lililofichwa uvunguni, mtoto wa miaka minne anajua lilipo kabla yako.

La pili halina mlio. Kwa Kiswahili risasi ni ile ya bunduki, na pia ni ile metali nzito ya kijivu iliyomo kwenye betri ya gari. Kuna wanaoiyeyusha kwenye jiko la nyumbani, huyu apate vichwa vya risasi, yule mvuvi apate chubwi za nyavu. Moshi na vumbi lake ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama, na mtoto mdogo anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Kwa mjamzito inamfikia aliye tumboni. Mara nyingi huoni dalili: damu inapungua polepole, tumbo linauma, mtoto anachelewa kuongea, darasani haelewi, na sisi tunasema mzito tu. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri jirani na nyumba za watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ubongo wa mtoto haurudishwi na fidia.

Kwa hiyo dada, usipige hesabu ya bei ya risasi peke yake. Mwambie baba watoto anunue kwa njia halali, chache. Bunduki ifungiwe, risasi zifungiwe mahali pengine, funguo asizijue mtoto. Nguruwe wakizidi, mwone afisa wanyamapori wa halmashauri. Dungu, mbwa na debe bado vinafanya kazi.

Na ikitokea ajali:
– Palipoungua mwagia maji safi ya bomba au ya ndoo dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta usipake.
– Kilichochoma jichoni au mwilini usikichomoe. Jicho lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza.
– Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi, ila si juu ya kitu kilichochoma. Kama kipo, gandamiza pembeni yake.
– Kimbia hospitali. Usimfiche mtoto ndani kwa kuogopa PF3. Dharura inatibiwa kwanza, maswali baadaye.

Mwenye mume anayeyeyusha risasi ya chubwi, aanze leo: kazi iende mbali na jiko na watoto, nguo zake zifuliwe peke yake, anawe kabla ya kumbeba mtoto.

Mtumie na jirani yako asome. Sehemu ya 15 tunazungumzia mafuta ya taa na chupa za soda.