Jembe Kabla ya Samadi



Wapendwa Taifa la Mungu, katika Injili ya Luka 13:6-9 mtunza shamba anauombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Anaahidi kuchimba kuuzunguka, kisha kuutia samadi. Kwa muda mrefu sisi tuliikumbuka samadi, tukalisahau jembe.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja mjane, mwenye shamba la mihogo katika bonde la Mto Ruvu, upande wa Kibaha. Baada ya masika mihogo yake iligeuka manjano. Tulimpelekea mbolea ya chumvichumvi, isisaidie kitu. Ndipo mzee mmoja wa Kisarawe, aliyezoea kulima mihogo katika udongo wa kichanga, alipouminya udongo ule uliotota, akasema: "Baba Paroko, mihogo hii haina njaa. Imekosa pumzi."

Alisema kweli. Mzizi haunyonyi chakula kama kitambaa kinyonyavyo maji. Madini kama naitreti, fosfeti na potasiamu ni haba katika maji ya udongo kuliko ndani ya seli za mzizi. Kwa hiyo seli hulazimika kuyavuta kwa nguvu zake. Kisha madini hupita seli hata seli, mpaka kwenye mishipa iliyo katikati ya mzizi, yapande pamoja na maji hadi majanini. Nguvu hizo hutoka katika sukari iliyotengenezwa na majani, nayo huhitaji oksijeni iliyomo katika matundu ya udongo. Maji yakiyajaza matundu hayo, mzizi hufa njaa katikati ya chakula.

Mama yule alichimba mitaro, na msimu uliofuata akapanda juu ya matuta. Mihogo ikastawi.

Tulipomtazama akichimba, dhamiri ilitusuta. Alipofiwa na mumewe tulimwendea kila siku na mahubiri. Alipoacha kuja Misani, tulidhani imani yake imepoa, tukamwongezea mahubiri. Kumbe hakupungukiwa Neno. Alikosa nafasi ya kulia. Tulikwenda kumwomba radhi, tukaketi naye kimya barazani hadi jioni.

Wapendwa, juma hili tukimtembelea aliyefiwa, tutangulize jembe: tuketi, tusikilize, tumwache apumue. Samadi itafuata kwa wakati wake.

Mungu awabariki nyote.