Kali ya Wapi?

Neno moja tu lilimmalizia bibi yangu mtaji. Neno lenyewe nililitoa mimi, mtu ninayejiita mwandishi.

Ilikuwa 2016, mwaka ule Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa bibi Tunduma, kutwa kijiweni na daftari langu la mashairi. Kituo cha pamoja cha forodha na wenzetu wa Nakonde kilikuwa bado. Hicho kilifunguliwa 2019. Malori yalilala foleni siku nyingi, na madereva waliokwama walitafuta cha kuwachangamsha. Bibi akawauzia ugoro.

Aliutengeneza mwenyewe. Alinunua tumbaku ya majani, akaianika, akaikaanga kidogo chunguni, akaisaga kwenye jiwe na kuichanganya na magadi. Magadi si pambo, ndiyo yanayoifungua nikotini ipande upesi. Yakizidi, pua inaungua. Yakipungua, mteja anasema umemuuzia vumbi.

Tatizo, pua ya bibi ilikuwa imekufa. Mwenyewe alisema imeliwa na ugoro wa miaka mingi. Basi mimi nikawa pua yake.

Siku moja akaja mchuuzi na mzigo mkubwa, bei poa. Bibi akanikabidhi jani. "Mjukuu wangu, nusa. Ikoje?" Nikanusa. Nyuma ya ule ukali kulikuwa na kitu, kama godoro lililonyeshewa mvua. Lakini sikujua nikiite nini, na akili yangu ilikuwa kijiweni. Nikajibu, "Kali, Bibi. Iko bomba."

Bibi akafungua fundo la khanga, akatoa hela yote. Kesho yake tulipofumua misokoto ya katikati, ukungu mtupu! Mchuuzi alikuwa ameshavuka mpaka zamani. Nikamwambia Bibi tuisage tu, nani atajua? Akaniangalia kwa muda, kisha akaubeba mzigo wote na kuuchoma uani. Nilisimama pale nikilitazama neno langu linavyoungua.

Hakunigombeza, bora angenigombeza. Jioni alinituma dukani, nikarudi na vifuko vya pilipili manga, tangawizi, karafuu na mdalasini. Pilipili kichaa akachuma mwenyewe uani. "Fumba macho," akasema, akawa ananiwekea kimoja kimoja ulimini. Kila niliposema "kali", aliuliza, "Kali ya wapi?"

Ya wapi! Kumbe ukali nao una makazi yake. Pilipili kichaa inachoma midomo na ulimi, na kuondoka haitaki. Pilipili manga inakwaruza, kisha inapanda puani kutafuta chafya. Tangawizi inateremka kooni na kuacha joto kifuani. Karafuu inauma kidogo halafu inatia ganzi, ndiyo maana mwenye jino bovu huitafuna. Mdalasini unaanza kwa kunukia, unatamanisha, ukali wake unakuja baadaye na ukakasi, kama ulimi umefutwa kwa kitambaa kikavu.

"Sasa umeanza kusema," akaniambia. "Wapi, lini, na inaacha nini. Ukinijibu hayo matatu, hata mimi niliyekufa pua nitanusa."

Baadaye nilisoma kwamba kuchoma kwa pilipili wala si ladha. Ulimi unajua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha ya mchuzi wa nyama. Mchomo unapita kwenye mishipa ya fahamu ya joto na maumivu. Bibi hakusoma hayo, ila swali lake lilikuwa limeshayagusa.

Nikasoma pia habari za waonjaji wa siga, zile sigara nene za Cuba. Wanasema humo wanapata pilipili manga, mdalasini, kakao, ngozi na mbao za mwerezi. Wala hakuna aliyetia mdalasini: majani hurundikwa yakachacha, yakapata joto lao wenyewe na kugeuka harufu. Zamani ningesema jamaa wanajidai. Leo naona wanajibu swali la bibi kwa vitu vya kwao.

Kwa vitu vya kwao, hapo ndipo penye kazi yetu sisi chipukizi. Niliwahi kuandika "harufu ya mwerezi" katika hadithi, na mwerezi wenyewe sijawahi kuunusa. Eti nilitaka nionekane msomi! Na hapa Songwe nimezungukwa: maganda ya kahawa ya Mbozi yakianza kuchacha, tumbaku ikikaushwa mabanini, breki za malori zilizopata moto, vumbi likipigwa na mvua ya kwanza. Na godoro lililonyeshewa, ambalo ningelitaja tu siku ile, bibi angebaki na hela yake.

Ugoro aliuacha, akarudi kuuza nyanya. Mimi situmii, alinikataza mapema: "Ukinusa huu, nani atakuwa pua yangu?"

Pua yake haikurudi. Nikienda kumsalimia hufunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, akanigeukia: "Mjukuu wangu, ikoje leo?"

Siku hizi sijibu haraka. Nanusa kwanza, nikatafuta ni ya wapi.