Twende Kondoa Tukawinde Kwelea

Ndugu msomaji, ukisikia neno uwindaji unafikiri nini? Wengi hufikiri bunduki. Hufikiri mtu mwenye leseni, gari na risasi za bei kubwa. Mwanakijiji wa kawaida hana vitu hivyo. Lakini uko uwindaji mwingine. Huu unataka nyasi, kamba, macho na subira. Leo twende pamoja mpaka Kondoa, tukauone.

Tuanzie Dodoma mjini. Tunapanda basi la kwenda kaskazini. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi, na ya kusukuma basi wakati wa mvua. Tangu mwaka 2018 barabara ya Dodoma mpaka Babati ni ya lami. Kondoa iko kiasi cha kilomita 160 kutoka Dodoma. Tunapita wilaya ya Chemba. Huku na huku tunaona mashamba ya mtama, uwele na alizeti. Kisha tunaona vilima, na makorongo ya udongo mwekundu.

Mimi ni bwana shamba, siwezi kupita makorongo hayo nikanyamaza. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika sana, ili majani yaote. Yakaota. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ukipita mji wa Kondoa ukaelekea Babati, utafika Kolo. Huko kuna michoro ya kale juu ya miamba. Utaona twiga, tembo, pofu na watu, wamechorwa kwa rangi nyekundu. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Watu waliochora michoro ya zamani zaidi waliishi kwa kuwinda. Tena upande wa magharibi wako Wasandawe, ambao tangu zamani wanasifika kwa upinde na mishale. Kwa hiyo uwindaji si jambo geni katika nchi hii.

Lakini siku hizi iko sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyama bila leseni. Karibu na hapa yako mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Mtu akitega waya, hata kama anataka digidigi mmoja tu, anaweza kufungwa jela. Na waya hauchagui. Hukamata digidigi, hukamata mbwa wa jirani, hukamata ndama. Mnyama hubaki humo siku mbili au tatu akiteseka, na mara nyingi fisi humfikia kabla ya mtegaji. Mimi naona huo si uwindaji, ni uharibifu.

Basi windo la mtu asiye na fedha hapa Kondoa ni kwelea.

Bila shaka unamjua kwelea. Ni ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu. Uzito wake ni kiasi cha gramu 20. Chakula chake hasa ni mbegu za majani ya porini. Mbegu hizo zikipungua, huingia katika mtama, uwele, mpunga na ngano. Mahindi humshinda, kwa kuwa punje zake ni kubwa. Kwelea mmoja huweza kula na kuharibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Utasema, gramu 10 ni nini? Haya, tupige hesabu. Kundi la kwelea milioni moja huharibu kilo 10,000 kwa siku. Hayo ni magunia 100 ya kilo 100. Na makundi ya milioni moja si ajabu.

Mahali pengine watu huwatazama kwelea kwa hasira tu, wakipiga madebe kutoka asubuhi mpaka jioni. Watoto huacha shule wakaamie ndege. Watu wa Kondoa nao huamia. Lakini pia huwatega, huwala na kuwauza.

Twende sasa kwenye dimbwi moja nje ya kijiji. Ni kiangazi. Maji ni machache, kwa hiyo ndege wote wa sehemu hii huja kunywa hapa. Mzee mmoja ameketi chini ya mgunga. Tunamsalimu, "Shikamoo mzee." Anajibu, "Marahaba wanangu. Kaeni chini, msisimame. Ndege wanaona kuliko ninyi."

Hilo ndilo somo la kwanza. Mwindaji anayeanza hutaka kutega siku hiyo hiyo. Mzee huyu hukaa siku mbili bila kutega kitu. Hutazama kundi linatokea upande gani, linatua mti gani kwanza, na linanywa ukingo upi. Ndipo huweka mtego. Mtego mzuri mahali pabaya haukamati kitu.

Mtego wake ni tenga la nyasi ngumu na fito nyembamba. Ukiujua mgono wa samaki, umekwisha kuujua mtego huu. Mlango wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Ndege huingia kwa urahisi, lakini kutoka hawezi kuiona njia. Mzee huuweka chini karibu na maji, na ndani hutia mtama kidogo. Wakinaswa ndege wa kwanza, huwaacha humo kwa muda, wakiwa hai. Kelele zao huwaita wenzao. Tenga lake halikumgharimu hata senti, ila jasho na siku moja ya kusuka.

Vijana wengine hutumia nyavu za uzi mwembamba, zilizofungwa kwenye miti miwili. Nyavu hukamata ndege wengi zaidi. Lakini zinanunuliwa, hutatuka upesi kwenye miiba, tena humkamata kila arukaye. Anayeanza, na aanze na tenga. Katika tenga ni rahisi kuchagua. Wakiingia chiriku, njiwa au mnana, fungua uwaachie. Unayemtaka ni kwelea peke yake.

Uko pia wakati wa makinda. Kwelea hujenga viota vyao pamoja, maelfu kwa maelfu, katika migunga yenye miiba. Makinda hukaa katika viota kiasi cha wiki mbili, nao hunenepa. Watu huwaangusha kwa fito ndefu. Lakini vaa viatu, na tazama unapokanyaga. Nyoka nao huyafuata makinda. Na tafadhali usikate migunga wala usiichome moto. Umeyaona makorongo tulipokuwa njiani.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu msomaji. Mzee yule, kabla ya kutoka nyumbani asubuhi, huuliza swali moja: "Je, eropleni imepita?"

Makundi yakiwa makubwa sana, Serikali huleta eropleni kunyunyiza sumu mahali kwelea wanapolala. Siku hizi hata eropleni ndogo zisizo na rubani hutumika. Sumu inayotumika sana huitwa fenthioni. Huua kwelea, na humdhuru mtu pia. Kwelea walionyunyiziwa hawafi wote papo hapo. Wengine huruka asubuhi, wakaanguka mbali, pengine karibu na dimbwi lako. Mtu akiwaona amelala chini wengi namna hiyo hufurahi, hujaza kapu, akapeleka nyumbani kwa watoto. Kuwapika hakuondoi hatari.

Kwa hiyo usiokote kwelea aliyekufa. Usimle kwelea anayepepesuka au asiyeweza kuruka. Chukua yule tu aliyeingia mtegoni akiwa hai na mwenye nguvu. Na ikiwa sumu imenyunyizwa katika sehemu yenu, acha kutega kabisa mpaka bwana shamba aseme ni salama. Siku hizo usizikisie wewe mwenyewe. Mtu akila ndege wa sumu huweza kutoka jasho na mate mengi, kutapika, kuharisha, kutetemeka na kupumua kwa shida. Mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kesho, wala usimpe maziwa ukidhani yatamponya.

Hiyo ndiyo sababu nakushauri uanze safari yako ya uwindaji katika ofisi ya kijiji, wala si dimbwini. Mwone bwana shamba na bwana nyama. Waambie unataka kutega nini, wapi, na kwa mtego gani. Kwelea ni mharibifu, na Serikali yenyewe humwua, lakini hao ndio wanaojua kama pahali pako ni nje ya hifadhi, kama kibali kinatakiwa, na kama eropleni inakuja wiki hii. Nao watafurahi kujua kundi liko wapi.

Je, mitego itawamaliza kwelea? Haitawamaliza. Atakayekuambia hivyo anakudanganya. Mzee na tenga lake hawezi kushindana na milioni. Lakini familia yake hupata kitoweo, tena kitoweo cha nyama. Ndege 50 ni kilo moja kabla ya kunyonyolewa. Kazi ya kunyonyoa ni kubwa, na hapa hufanywa na mama na watoto, huku baba akisifiwa. Mimi naona baba naye anyonyoe.

Baada ya kunyonyoa hutoa matumbo, huosha kwa maji safi na kutia chumvi. Wa kula leo huchemshwa, kisha hukaangwa. Wa kuweka hukaushwa juani juu ya kichanja, mbali na vumbi na nzi. Wanaozidi hupelekwa kuuzwa. Ukisafiri katika nchi hii utaweza kuwaona, wamekaangwa mpaka wamekuwa wekundu, wamepangwa katika sinia. Kabla ya kununua, mwulize mwuzaji waliteguliwa mtego gani na lini. Mwuzaji mwema atakujibu bila kukasirika.