Kutoka Mandera hadi Visiwa vya Lamu: Siku Sita Baina ya Maji ya Chumvi na Maji Matamu

Wapenzi wasomaji, nyinyi mliozaliwa kwenye harufu ya bahari huenda mkaona ajabu kwamba watu wawili wenye umri wetu walipanda mashua kwa mara ya kwanza. Sisi ni wa Mandera, pembe ya Kenya inayopakana na Ethiopia na Somalia. Mto wetu ni Daua, ambao huja na maji ya mvua za Ethiopia na katika miezi ya kiangazi hubakia mchanga na madimbwi. Kwetu, neno maji huambatana na hesabu: mitungi mingapi, siku ngapi, na lori la maji litafika lini.

Tumeoana miaka kumi na tisa. Katika muda huo tulikuwa tumesafiri pamoja kwa sababu mbili tu, hospitali na msiba. Kisha ukaja ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na mifugo ya jamaa zetu ikaisha mbele ya macho yetu. Mvua ziliporejea mwaka 2023 zilikuja kwa mafuriko. Tuliyapita hayo yote tukiwa chini ya dari moja, lakini mazungumzo yetu yalikuwa yamekuwa ya madeni, karo na maji peke yake. Ndipo tukaamua kwamba fedha kidogo tulizojiwekea zitatutoa sisi wawili, watoto wakae kwa nyanya yao shule zikiwa zimefungwa. Baadhi ya jamaa walisema fedha hizo zingenunua mbuzi. Tuliwajibu kwa adabu kwamba mbuzi tutawanunua inshallah, ila ndoa nayo ina malisho yake.

Wako wanaopumzika katika meli kubwa za anasa, zile zinazotia nanga Mombasa zikiwa na ghorofa nyingi kama mtaa mzima. Uwezo wetu ulikuwa mashua ya tanga na injini ndogo, na nahodha Mbajuni aliyependekezwa na watu wa Lamu. Tulisafiri mwishoni mwa Desemba, wakati wa kaskazi, kwani upepo huo ni mpole zaidi kuliko kusi inayochafua bahari katikati ya mwaka. Ni upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi karne kwa karne. Kutoka Mandera tulipita Wajir na Garissa, tukafuata upande wa mto Tana hadi Garsen, kisha Witu, hadi gati la Mokowe. Chakula chetu cha njia kilikuwa nyirinyiri ya ngamia na chai ya maziwa, na sala tulizifupisha na kuzijumuisha kama ilivyoruhusiwa msafiri.

Mji wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulitupokea kwa njia zake nyembamba ambamo punda ndiye gari. Tuliwatazama punda hao kwa jicho la nyumbani, maana Mandera pia punda hubeba maji. Tulipita mbele ya ngome iliyomalizwa kujengwa yapata 1821, tukasali Riyadha, msikiti na madrasa inayohusishwa na Habib Saleh, ambapo kila mwaka Maulidi hukusanya watu kutoka pande zote za pwani na nje yake. Mke alipendezwa zaidi na jinsi nyumba za kale zilivyopangwa: daka mlangoni kwa ajili ya wageni wa kiume, kisha kiwanda cha ndani, kisha vyumba vinavyozidi kuwa vya faragha kadiri unavyoingia. Stara imejengwa ndani ya mawe yenyewe.

Siku ya pili tulitembea hadi Shela. Msikiti wake wa Ijumaa ni wa mwaka 1829, na nyuma ya mji kuna vilima vya mchanga vinavyoandamana na ufuko kwa maili nyingi. Tulidhani ni mchanga tu, kama wa kwetu. Mwenyeji wetu akatueleza kwamba vilima hivyo ndivyo ghala la maji ya Lamu. Mvua hunywewa na mchanga, hushuka taratibu, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini kwa kuwa ni mepesi zaidi. Visima vya Shela huchota tabaka hilo. Anayejenga juu ya vilima, au anayechota kupita kiasi, hualika chumvi ipande. Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko tulivyosimama mbele ya jengo lolote. Mtu wa Mandera huyaelewa maneno hayo bila ya kufafanuliwa.

Siku ya tatu nahodha alisubiri maji yajae ndipo akatuingiza katika kijito chenye mikoko pande zote mbili hadi Takwa, kisiwani Manda. Mji huo ulisitawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake wa Ijumaa una nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta lipo kaburi la nguzo lenye mwaka wa Hijria 1094, ambao ni 1683 kwa hesabu ya miladi. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni visima kugeuka chumvi, pamoja na ugomvi na watu wa Pate. Wakazi walivuka kwenda Shela, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi Takwa kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Mume akakumbuka sala za kuomba mvua zilizosaliwa Mandera katika miaka ile ya ukame, wazee na watoto wakiwa uwanjani juani. Hatukujua kwamba watu waliozungukwa na bahari nao huinua mikono kwa haja ile ile.

Kutoka hapo tulipita mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, ambao nao hutaka maji kujaa. Upande wa bara tuliona korongo za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na ambayo barabara zake zimekusudiwa kufika Garissa, Isiolo na Ethiopia. Wavuvi wanahesabu maeneo ya kuvulia waliyoyapoteza, nasi wa kaskazini tunahesabu faida tunazozingojea. Ni vyema pande mbili hizi zikasikilizana, kwa maana njia ni moja.

Baada ya Mkanda bahari ilifunguka na mawimbi yakaanza. Mke alishika ubao kwa mikono miwili na kusoma dua kwa sauti. "Keti katikati, mama, na utazame mbali, usitazame maji," nahodha alimwambia. Mume, aliyejigamba tangu Garissa, alikuwa kimya kuliko wote. Tulicheka tulipoliona gati la Mtangawanda, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza cha aina yake kwa miaka mingi.

Katika mji wa Pate bibi mmoja mzee alisimama mlangoni akamwita mke: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mke akatazama kulia na kushoto akitafuta ndoo ya kumpa. Kumbe kwa watu wa huko ndoo ni njoo. Walipokwisha kucheka, bibi alimwonyesha jabia: sakafu pana iliyosakafiwa kwa mteremko, mvua huangukia juu yake na kutiririka hadi kwenye tangi lililofunikwa. Visima vingi vya Pate vina chumvi, basi mvua ya mwezi mmoja hutunzwa kwa miezi inayofuata. Mke akamweleza birika za kwetu, mashimo makubwa yaliyojengwa ardhini kwa kazi hiyo hiyo. Wakaulizana yale ambayo wanawake huulizana: nani husafisha, nani hushika ufunguo, na mjane asiye na kijana wa kumchotea hufanyiwa nini. Bibi alisema kwamba kwao mjane hutangulizwa. Neno hilo tumelibeba hadi Mandera.

Siyu ni mji wa ngome, wa mafundi wa mbao na ngozi, na wa wanavyuoni walionakili misahafu kwa mkono. Karibu yake yapo magofu ya Shanga, ambapo Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta alama za misikiti midogo ya tangu karne ya 8. Siyu ndiko alikotawala Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858 mama huyo, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia juu ya dini, ndoa na heshima. Miaka michache baadaye akafariki. Jioni ile tulizungumza juu ya binti zetu wawili: tukiondoka leo, wamesikia nini kutoka kwetu zaidi ya amri za kuchota maji na kuwahi shule? Tulikubaliana kwamba kila mmoja wetu atawaandikia, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na kazi hiyo tumeianza.

Kituo cha mwisho kilikuwa Faza, kwa Wabajuni, ambao wana jamaa hadi Kismayu, na baadhi yao walituamkia kwa Kisomali.

Kwa familia zinazotaka kufuata njia hii, tunausia haya. Safirini wakati wa kaskazi. Patana na nahodha mbele ya shahidi kabla ya kupanda, na usipande mpaka uone koti la kuelea la kila abiria. Mwache yeye apange saa, kwani maji kupwa na kujaa hayangojei mtu. Ulizeni hali ya usalama kwa wenyeji na kwa wenye mamlaka, hasa kuelekea kaskazini ya visiwa. Mabibi wanaopenda kuoga baharini wataipata faragha Shela mara baada ya alfajiri. Na popote mtakapopewa maji ya kunywa kisiwani, yanyweni kwa shukrani na msiyamwage yaliyosalia, kwa kuwa yameteremka kutoka mbinguni na yamehifadhiwa kwa jasho la mtu.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu mapenzi, na visima vyetu maji matamu. Amin.