Rexdale: Mashine ya Mashua Mbali na Ziwa



Aliyekulia Lamu au Pemba akifika Rexdale huuliza upesi: bahari iko wapi? Bahari haipo. Uliopo ni Mto Humber, ambao tawi lake la magharibi hupita mtaani kwetu, maji machache na mawe mengi, kisha huelekea kusini hadi Ziwa Ontario. Tufani ya Hazel ya Oktoba 1954 iliufurisha mto huo na kuua watu 35 katika barabara moja tu ya Raymore Drive. Tangu hapo sehemu kubwa ya kingo zake imeachwa iwe bustani, na familia zetu hutembea humo jioni za kiangazi.

Hata hivyo, nyuma ya baadhi ya nyumba utaona mashua zilizofunikwa turubai, zikingoja barafu iyeyuke. Nyingine hubeba mashine kuukuu za Johnson na Evinrude. Nyingi ziliundwa Peterborough, mji ulio kaskazini-mashariki ya Toronto. Kampuni iliyoziunda ilifilisika mwaka 2000, na utengenezaji wa Evinrude ukakoma mwaka 2020. Vipuri vyake basi havinunuliwi kwa kubahatisha.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Lamu, aligeuza ufunguo na mashine ikatoa mlio mmoja tu: tk! Fundi akamwambia anunue stata mpya. Tulimshauri apime kwanza.

Kabla ya yote, chomoa nyaya za plagi na uziunganishe na bodi ya mashine, uondoe rafadha, na usiwashe mashine ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake huua.

Ikiwa kuna kimya kitupu, tazama betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, na gia: haina budi kuwa huru. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6.

Ukisikia mlio mmoja bila mzunguko, shuku betri dhaifu, solenoidi, au vifungo vyenye kutu. Ufunguo ukiwa umegeuzwa, betri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ichaji na uipime upya.

Stata ikizunguka peke yake kwa mvumo, kigurudumu chake chenye meno hakipandi kushika flaiwili. Kisafishe, usikipake grisi nzito, kwani baridi huigandisha.

Kwa mzee wetu betri ilikuwa nzima. Tuliweka ncha moja ya mita kwenye bodi ya mashine na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, naye akageuza ufunguo. Kipimo kilipaswa kukaribia sifuri. Kilizidi volti mbili. Waya hasi ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake. Waya mpya ukaimaliza kazi, na stata ya zamani ingali inazunguka.

Jambo hili si la fedha tu. Mwezi Mei jua la Toronto huweza kuwaka huku maji ya ziwa yakiwa baridi ya kuua. Mashine ikizimika mbali na ufuo na isiwake tena, upepo ndio utakaoamua mwendekako. Basi chukueni makasia na kamba ya kuvutia flaiwili, na kila abiria, mtoto kwa mkubwa, avae jaketi la kuokolea.