Tarakimu Tatu Baada ya Nukta

Riali ya Oman imegawanywa katika baisa 1000, si senti 100, na kwa hiyo kila bei inayoandikwa Maskati hubeba tarakimu tatu baada ya nukta: 0.250, 0.500, 1.375. Jambo hili dogo la uandishi limekuwa likiamua, kwa zaidi ya nusu karne, ni kikokotoo gani kinafaa kukaa juu ya kaunta ya mji huu na ni kipi kitamtia mwenyewe hasara.

Vikokotoo vingi vya mezani vina swichi ndogo ya kutelezesha karibu na kioo, yenye herufi F, tarakimu chache kama 4, 3, 2 na 0, na mwishoni herufi A. F huiacha nukta ielee itakako. Tarakimu huifunga nukta mahali pamoja. A imewekwa kwa ajili ya watu wanaojumlisha fedha kwa haraka: mtu haibonyezi nukta kabisa, mashine humwekea yenyewe, tarakimu mbili kutoka mwisho. Kwa mwenye dola au euro, huo ni msaada mkubwa. Kwa mwenye riali ni mtego. Karani anayebonyeza 2750, akikusudia riali mbili na baisa mia saba na hamsini, hupata 27.50, na asipokuwa makini mteja wake atatozwa mara kumi. Aliyezoea riali huitazama swichi kabla hajaitazama hesabu.

Mzee mmoja wa Al Khoudh, mhasibu mstaafu, haitazami swichi, huipapasa. Alizaliwa Unguja, akasoma huko, akaingia Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kutwaa madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi wajenge nchi. Kama wengi waliotoka Afrika Mashariki, alikuja na Kiingereza cha shule na hesabu safi, na katika ofisi zilizokuwa zikifunguliwa kila mwezi vitu hivyo viwili vilikuwa mali. Aliajiriwa benki. Alianza na mashine nzito ya kujumlisha yenye karatasi ya kuviringishwa, akaona vikokotoo vikija vikubwa, vikipungua, vikiingia mfukoni, na mwishowe vikizama ndani ya simu. Katika safari yote hiyo alijijengea msimamo ambao haubadiliki kwa urahisi.

Kikokotoo, kwake, lazima kiwe kipana kiasi cha kulala mezani bila kushikwa, kwa kuwa mkono wa kushoto una kazi ya kugeuza risiti. Vitufe viwe na bonde kidogo, kidole kipate pa kukaa. Sifuri iwe pana, chini ya kidole gumba. Kitufe cha kujumlisha kiwe kirefu kuliko vingine, upande wa kulia. Kitufe cha 5 kiwe na kinundu, kwa sababu hapo ndipo nyumbani. Vidole hutoka 5 vikaenda popote na kurudi 5 bila kuongozwa na macho. Kiwe na 000, maana maelfu ni mengi na maisha ni mafupi. Na swichi iwe na 3.

Mpangilio wenyewe wa tarakimu, 7, 8 na 9 juu, 1, 2 na 3 chini, hakuna aliyeulizwa. Vikokotoo viliurithi kutoka mashine za kujumlisha za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20, hasa ile ya Sundstrand, ambamo sifuri na tarakimu ndogo zilikaa karibu na mkono. Simu ilifuata njia nyingine. Watafiti wa Bell Labs walijaribu mipangilio kadhaa ya vitufe, ukiwemo ule wa mashine za kujumlisha, wakachapisha matokeo yao mwaka 1960. Tofauti kati ya mipangilio iliyo bora zilikuwa ndogo, lakini walichagua 1, 2 na 3 juu, na simu za vitufe zikaingia sokoni mwaka 1963. Tangu hapo mkono mmoja umekuwa na ramani mbili. Hata leo, ndani ya simu moja, ukurasa wa kupigia huanza na 1 na ukurasa wa hesabu huanza na 7, na watu hupita kutoka huku kwenda kule kama mtu anayevuka kizingiti gizani katika nyumba aliyoizoea.

Umbo nalo lilikuwa na historia yake. Mwaka 1967 wahandisi wa Texas Instruments walitengeneza kikokotoo cha kwanza cha majaribio cha kushikwa mkononi. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kilichopimwa kiingie mfuko wa shati. Mwaka 1981 ikaja HP-12C, kilicholala ubavu, upana ukizidi urefu, nacho kikapendwa mno na watu wa mikopo duniani kote. Kilifika hata benki ya yule mzee. Hakukipenda. HP-12C hakina kitufe cha usawa: mtu huingiza 2, akakithibitisha, akaingiza 3, ndipo akabonyeza alama ya kujumlisha, na jawabu likatokea. Wenzake walisema ni haraka zaidi ukishazoea, na walisema kweli. Yeye aliona kwamba mashine isiyo na alama ya usawa ni kama mtu asiyeitikia salamu.

Mazoea hayo hayakuanzia benki. Huko Unguja, ambako shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia mwaka 1936, mtoto alijifunza kwamba fedha ina tarakimu mbili baada ya nukta: shilingi, na senti 100 ndani yake. Senti hamsini aliiita thumni. Kufika Maskati ilibidi vidole vifundishwe upya, kwani Oman ilikuwa imeingia mwaka 1970 na riali mpya ya baisa 1000, baada ya miaka ya rupia za Ghuba na riali za fedha za Maria Theresa. Lakini neno lenyewe halikuwa geni. Baisa ya Oman na pesa ya Waswahili ni mtoto mmoja wa paisa ya Bara Hindi, aliyepanda majahazi tofauti. Sultan Barghash alipopiga sarafu zake mwaka 1882, miongoni mwake zilikuwamo pesa za shaba. Mzee huyu alitoka mahali ambapo pesa ni jina la fedha yote, akafika mahali ambapo jina hilohilo ni sehemu moja ya elfu.

Hadi sasa anahesabu pande zote mbili. Jamaa zake wanajenga nyumba Unguja, naye husimamia hesabu kutoka mbali. Ndiyo sababu hataki kikokotoo cha tarakimu 8. Kikokotoo hicho hukomea 99,999,999, yaani chini ya shilingi milioni mia, na nyumba siku hizi haiheshimu mpaka huo. Ukikipeleka upande wa riali, zikatolewa tarakimu tatu za baisa, hukomea 99,999.999, na kiwanja na nyumba Maskati navyo huvuka hapo bila shida. Kioo kimoja, fedha mbili, ukuta mmoja. Tarakimu 12 ndiyo jibu lake, na hana subira na mtu anayesema kwamba 8 zinatosha kwa matumizi ya kawaida.

Lakini upo upendeleo mwingine ambao hauonekani juu ya mashine yoyote. Kikokotoo hupokea tarakimu kubwa kwanza: kuandika 25 ni lazima 2 itangulie. Kiarabu husoma kinyume, khamsa wa ishrin, tano na ishirini, kama Kijerumani kinavyofanya. Wahasibu wa Kiarabu hawasumbuki na jambo hilo. Wameishi nalo, huishika tano akilini kwa kitambo kidogo mpaka ishirini ifike. Kiswahili cha leo husema ishirini na tano, na kidole hufuata sikio moja kwa moja. Haikuwa hivyo daima. Wazee wa pwani walihesabu pia thenashara, arobatashara, hamstashara, ndogo ikitangulia kubwa kwa mtindo wa Kiarabu, na thenashara haijasahaulika hadi sasa. Lugha ilikuwa na njia mbili. Moja imebaki kwenye kumbukumbu, nyingine ndiyo iliyokutana na mashine.

Jambo hili lisingekuwa na uzito wowote kama macho ya mzee yangekuwa mazima. Mtoto wa jicho alianza upande wa kulia, kisha kushoto, na risiti za maduka, ambazo wino wake hufifia hata kwa mwenye macho mazuri, zikawa ukungu. Kazi iliyobaki mikononi mwake ilikuwa ndogo lakini alikuwa akiithamini: daftari la mjukuu wake, msichana anayepika nyumbani na kuuza sambusa, vitumbua na mikate ya kumimina kwa oda. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana wawili hao hukaa mezani. Yeye asome, babu abonyeze.

Mjukuu huyo anakielewa Kiswahili cha nyumbani chote, cha jikoni, cha kukaripiwa na cha kubembelezwa. Hesabu alizisoma shuleni, na huko Kiswahili hakikuwako. Hadi kumi anahesabu bila kufikiri. Baada ya hapo ulimi hurukia Kiarabu.

"Mayai," alisoma Ijumaa moja, "riali mbili, sabaa miya, khamsa wa ishrin."

Kidole kilikwenda 2, nukta, 7, kikasimama hewani, kikashuka kwenye 5. Babu akafuta.

"Nisomee kwa Kiswahili, mwanangu. Hiyo tano imefika kabla ya zamu yake."

"Si namba ileile, babu?"

"Namba ileile. Njia ndiyo nyingine."

Akatazama karatasi kwa muda, midomo ikienda bila sauti. "Mbili, nukta, mia saba... ishirini na tano."

Kidole kilikwishafika.

Baba yake msichana, ambaye hufanya kazi ya kompyuta, aliona mchezo huo unachosha wazee na vijana kwa pamoja. Alipendekeza programu ya simu inayopiga picha risiti na kuijumlisha. "Baba, pumzika. Simu inafanya yote haya." Mzee aliichukua simu, akaiweka mezani, akatafuta kinundu cha 5 juu ya kioo kitupu. Vidole viliteleza. Akairudisha kwa heshima. "Itampa jumla," alisema. "Haitamuuliza kwa nini mayai wiki hii yamekula faida yote."

Mwana hakuwa na kosa. Simu hujumlisha vizuri kuliko mtu. Hata swali la kodi hulimaliza: tangu Aprili 2021 Oman inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na vikasha vya kufungia chakula vya riali 1.250 huzaa kodi ya 0.0625, kiasi ambacho hakuna sarafu inayoweza kukilipa, kwa kuwa iliyo ndogo kuliko zote ni ya baisa 5. Swichi nyingine ya kikokotoo huamua kama nusu hiyo ya baisa itapandishwa au itakatwa. Simu huamua yenyewe. Lakini simu inayosoma risiti kimya haihitaji mtu wa kuisoma kwa sauti, na katika nyumba ile meza ya Ijumaa ndiyo pekee iliyokuwa ikimdai msichana aseme mia saba ishirini na tano. Lugha haiishi kwa mapenzi matupu. Huishi mahali inapohitajika, na hapo ilihitajika na vidole vya mtu mmoja.

Daftari likabaki mezani. Baada ya miezi michache msichana hakuwa akisita tena. Mia nne thelathini na tano zikatoka mfululizo, hata zikaanza kumtoka jikoni akipima unga peke yake. Kitufe cha kujumlisha cha kikokotoo cha zamani kilipoanza kukwama, ni yeye aliyeleta kingine, kipana, cha tarakimu 12, chenye 000 na kinundu kwenye 5. Swichi alikuwa ameshaisogeza kwenye 3.

Kisha mzee akafanyiwa operesheni ya jicho la kulia, na baada ya wiki kadhaa la kushoto. Sasa anasoma gazeti bila kuomba msaada, na anaona bei zilizoandikwa kwa herufi ndogo chini ya makopo. Ijumaa ya kwanza baada ya kuondolewa bandeji, risiti zilikuwa mbele yake, wino unaonekana vizuri. Alizisukuma upande wa pili wa meza, akaweka kidole juu ya 5, akangoja. Mjukuu wake hakumuuliza kitu. Alianza na risiti ya unga.