Jiwe Linasalo na Kuachilia

Nilizaliwa Kibondo, nikalijua neno chekeche kabla ya kujua kusoma: chenga hubaki juu, unga hupita. Mama alipolazwa Kasulu, kifua kimembana, aliunganishwa na mashine iliyonguruma kando ya kitanda. Akaniuliza, “Mwanangu, hiki chafanya nini?” Nikamjibu kwa haraka ya mshairi: “Kinachekecha hewa, mama.”

Nilikosea. Ndani yake mna zeolaiti, fuwele zenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Jina hilo Axel Cronstedt wa Uswidi alilitunga kwa Kigiriki mwaka 1756: jiwe lichemkalo. Hewa tuivutayo ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21 hivi. Ikishindiliwa humo, zote mbili huingia vitunduni, lakini naitrojeni hunaswa zaidi. Oksijeni husonga mbele kwa mgonjwa. Mgandamizo ukipungua, naitrojeni huachiliwa, na kazi huanza upya.

Kumbe si kuchekecha, bali kunasa na kuachilia, mfano wa pumzi yenyewe. Mama alipopata nafuu nilijisahihisha mbele yake. Akacheka: “Mradi nilipumua, mwanangu.” Nami ningali nalitafuta neno.